Nusu ya Kioo

Jumatatu usiku, kibanda umiza cha Lusajo, Isyonje.
Kiingilio mia tatu. Mimi silipi:
karai langu la chipsi liko mlangoni,
na pazia lake, magunia ya viazi yaliyoshonwa pamoja,
limechanika upande wa kushoto.
Basi mnaoniuliza mieleka ilikuwaje
mjue kabisa, niliitazama nusu ya kioo.

Zimebaki wiki tatu kufika Usiku wa Ngome,
na kipindi, kusema kweli, kilianza kama uji usiochemka.
Maneno. Robo saa nzima ya maneno.
Bwana mmoja wa suti, mkanda wa dhahabu begani
kama kabebeshwa mtoto wa jirani,
anamtishia mtu ambaye kwangu hakuwepo.
Nikageuza viazi. Nikanyunyiza chumvi.
Hapo nimekata alama mbili.

Kisha vijana wawili wembamba, wepesi kama panzi,
ila kila aliyeruka aliruka kwenda kulia
akatua huko nisikoona.
Nilisikia kishindo cha mbao tu,
na benchi zima la wachimba viazi likiguna,
matope ya shamba bado kwenye visigino.
Walinipa matokeo kwa migongo yao.
Lilikuwa pambano zuri. Migongo haijui kusifia bure.

Katikati umeme ukakatika,
ndiyo kawaida yake ukungu ukilalia nyaya.
Dakika kumi na moja, na hapo ndipo nilipouza.
Anyisile, fundi cherehani, akahutubia gizani:
"Wanaigiza hao! Wamekubaliana tangu asubuhi!"
Mama Sekela, miaka sabini na buti za mvua, akamjibu:
"Na wewe uliyeniambia sare ya mjukuu ni Ijumaa,
Ijumaa ya mwaka gani, hukuigiza?"
Alama tano kwa Mama Sekela,
ingawa hakuwemo kwenye ratiba.

Umeme uliporudi tulikuta wenzetu wameshasonga.
Ulingoni yuko Greda, lile jitu tulilolibatiza wenyewe,
na mwenzake Kinyozi, yule wa upara unaong'aa.
Miezi kumi na moja wanapigana bega kwa bega.
Kinyozi akainama chini ya ulingo,
akatoka na kiti cha chuma,
akamgeukia
si adui.

Greda alianguka kushoto.
Kwangu, hatimaye.

Kibanda kizima kilitazama kulia,
kule Kinyozi alikokiinua kiti juu, yule wa suti akicheka.
Mimi peke yangu, kijiko kikichuruza mafuta,
nilikuwa na uso wa Greda, shavu limelala sakafuni,
na alama nyekundu ikimwumuka mgongoni.
Kinyozi akaja kumwinamia, amtukane sikioni.
Na mkono wake, pembeni kabisa mwa kioo,
ukambonyeza begani, mara mbili, taratibu,
kama mtu anayejaribu parachichi sokoni Uyole.
Greda akainua kidole kimoja. Kidogo tu.
Kinyozi akasimama, akanguruma.

Sahani mbili ziliungua.

Sikumwambia Anyisile, angetutambia mpaka Krismasi.
Sikumwambia Mama Sekela; alikuwa anafuta machozi kwa kanga
huku akiulaani ukoo mzima wa Kinyozi kwa Kinyakyusa,
majina hadi babu wa babu, kayatoa wapi sijui.
Nikakwangua karai, nikawaza:
haya, wamekubaliana.
Lakini chuma hakikuwemo kwenye makubaliano,
chuma kilibaki chuma,
na kuna mtu alikubali kugeuza mgongo.

Kwa jumla, sita kwa kumi.
Saba, kama maneno yale yangepunguzwa.
Ugomvi umeiva, Usiku wa Ngome utajaza watu hadi dirishani,
na Lusajo ameahidi pazia jipya siku hiyo,
na kiti cha mbele kwa ajili yangu, bure.
Kiti nimekikataa.
Pazia nimemwomba aliache lilivyo.
Nitakuwa palepale na karai langu,
kushoto,
anakoangukia aliyepigwa.